Miche ya Mgeni Rasmi

Mwaka wa mwisho pale chuo cha kilimo, darasa zima lilijaza fomu ya kuuliza kama wana nia ya kuanzisha biashara zao. Wote sitini waliweka tiki kwenye ndiyo, kisha wakarudi kuandika barua za kuomba kazi. Aliyemaanisha alikuwa mmoja, binti ambaye wenzake walimwita Bi Miche kwa kuwa kucha zake hazikuisha udongo.

Bi Miche alikuwa na trei arobaini za miche ya nyanya kwenye kitalu cha chuo. Wateja alitafutiwa na shangazi yake, mkulima asiye na cheti ila mwenye jina. Shangazi alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia majirani wasisie mbegu msimu ule, mtoto wa kaka yake amesomea. Wakakubali kwa ajili yake yeye.

Ilipobaki wiki moja, Bi Miche alianza kuizoesha miche shida. Ndivyo inavyofanywa: unaitoa kivulini, unaipunguzia maji, inapauka na kudumaa kidogo, lakini ikifika shambani jua haliiogopeshi. Mkuu wa idara akapita na habari kwamba Ijumaa anakuja mgeni rasmi kuzindua mpango wa vijana kujiajiri. Akaitazama miche, akakunja uso, akaagiza irudishwe kivulini, inyweshwe asubuhi na jioni na kupigwa mbolea ya kukuzia.

Mkuu huyo ndiye aliyewafundisha somo hilo la kuzoesha miche, na mtihani akautunga yeye. Bi Miche alipojaribu kumkumbusha, aliambiwa kitalu ni mali ya chuo, asiyetaka aondoe trei zake leo hii. Aondoe azipeleke wapi? Akashika ndoo, akaanza kunywesha.

Ijumaa miche ilinawiri ajabu. Mgeni rasmi akapigwa picha ameshika trei, akawasema vijana saa nzima kwamba wanapenda mno ofisi. Wakapiga makofi, watafanyaje.

Jumamosi miche ikafika kwa shangazi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, na kweli, majirani walipoona ukijani ule waligombania trei. Mashimo yalikuwa tayari. Bi Miche alipaswa kuwaambia wangoje, waizoeshe kwanza wiki moja. Aliwatazama wanavyomsifu shangazi yake, akaendelea kuwagawia trei bila kuwaambia. Hilo halikuwa kosa la mkuu wa idara, na Bi Miche hajawahi kujidanganya kwamba lilikuwa la mkuu huyo.

Kufikia Jumatano miche yote ilikuwa imelala chini, imeungua. Bi Miche alimweleza shangazi kila kitu. Shangazi hakumgombeza. Alivaa kanga yake, akazirudia nyumba zile zile kuomba radhi, na nyumba mbili hazikumfungulia mlango. Aliporudi aliketi kizingitini, akavua viatu taratibu.

"Mwanangu," alisema, "si ungeniletea tu ile iliyopauka."

Mwaka uliofuata chuo kilimtumia fomu nyingine ya wahitimu. Juu yake palikuwa na picha ya mgeni rasmi na trei, na Bi Miche aliitambua trei yake kwa ufa wake wa pembeni. Swali la kwanza liliuliza kama bado ana nia ya kuanzisha biashara. Akaweka tiki kwenye ndiyo, akaisukuma kando, akarudi kuandika barua ya kuomba kazi.