Mwanamke Aliyefunikwa Miamba

Treni ilipokaribia mji wa Exeter, Loveday Trewhella alikuwa amepakata chupa ya spiriti ya kusafishia picha, akiomba ivunjike. Maisha yake yote hakuwahi kuvuka Truro, mji wa karibu na kwao. Baba yake, mzee Obed, aliutazama moshi wa mji kwa dharau.

"Mji hauna hata harufu ya samaki," alisema. "Wakazi wake wanajuaje kama wako hai?"

Mzee Obed alikuwa amechora pwani ya Cornwall kwa miaka arobaini. Alilea watoto wanne kwa mawimbi, kama alivyopenda kusema. Watatu walihamia Australia kuchimba shaba, akabaki Loveday wa kumsagia rangi na kumpakia vanishi ya kulinda picha. Mkewe Keziah alipofariki, mzee alianza kumchora: mwanamke mdogo wa shali nyekundu, ameinama miambani akibandua konokono wa baharini. Katika kila picha alikuwa pale pale, chini kushoto. Lakini macho ya mzee yalikuwa yakiingia ukungu, na kila mwaka kichwa cha yule mwanamke kilizidi kukua, mpaka kikawa kama kabichi.

Dalali wa London aliyewauzia picha akamvuta Loveday pembeni. "Bahari tu, binti. Huyu bibi anatuharibia soko."

Loveday hakuwa na moyo wa kumwambia baba yake. Alimpaka yule mwanamke vanishi, akaiacha ikauke, kisha juu yake akachora mwamba. Alijifariji kwamba mama hakudhurika, amefunikwa tu. Miaka sita, picha kumi na tisa. Mzee akishaweka jina lake, hakuitazama tena picha.

Sasa Bibi Luscombe, mke wa mwenye kiwanda cha karatasi, alikuwa ameandika kwamba picha yake imeingia masizi. Mzee akajibu kwamba atakuja kuisafisha mwenyewe.

Nyumbani kwa Bibi Luscombe, picha ilishushwa ukutani, ikalazwa mezani.

"Baba, umechoka. Nipe mimi."

"Nimechoka na nini, kukaa? Sogea, mwanangu, unanizibia dirisha."

Mzee alichovya pamba kwenye spiriti, akaanzia chini kushoto, pua ikikaribia kugusa turubai. Pamba ilitoka na masizi, kisha na kijivu cha mwamba, na chini yake shali nyekundu ikajitokeza.

"Huyu mama alikuwa wapi?" Bibi Luscombe aliuliza. "Miaka minne nanywa chai mbele ya picha hii, sijamwona."

"Yupo siku zote, bibie. Labda miwani yako."

"Miwani yangu mizima, bwana. Hapo palikuwa na jiwe."

Mzee alisugua ile pamba kati ya vidole, akainusa. "Rangi," alisema. "Loveday?"

"Ni mimi, baba. Dalali alisema hazitanunuliwa."

"Zipi?"

"Zote kumi na tisa, za miaka hii sita."

"Mimi ningemtaka awepo," Bibi Luscombe alisema, bila kujua anachokoroga. "Bahari tupu ina upweke."

Mzee alikaa. "Nilidhani katika kila nyumba yupo mtu anayemtazama," alisema.

"Niliweka vanishi katikati, baba. Anatoka mzima."

"Nimeona. Ulimzika vizuri."

Kesho yake asubuhi, stesheni, mzee alikuwa na ile chupa, furushi la pamba na orodha ya wanunuzi ambayo alimwamuru Loveday aiandike kwa herufi kubwa. Angeanzia mji wa Bath. Kwenye nyumba nne.

"Twende wote," Loveday alisema. "Nani atakusomea majina ya mitaa?"

"Nina mdomo, nitauliza. Wewe baki umalizie ya bibie. Mfute mama yako masizi usoni."

"Na wakikufungia mlango?"

"Nitabisha tena."

Alipanda, akashusha kioo cha dirisha. Kwa mara ya kwanza tangu jana alimgeukia bintiye, ingawa macho yalitua kando kidogo ya uso wake.

"Ile ya kwanza kabisa ya mama yako, niliyoichora nikiwa bado naona. Iko wapi?"

"Melbourne, baba, huko Australia. Ile sikuifunika."

Filimbi ilipigwa. Mzee aliitikia kwa kichwa, akapandisha kioo.