Kompyuta Niliyoizima kwa Aibu

Mke wangu alikuwa mchapaji. Alikuwa na chumba kimoja pale sokoni Ekerenyo, meza mbili, taipureta ya zamani na, karibu na mwisho wa miaka ya tisini, kompyuta iliyokwisha kutumika ambayo niliileta mwenyewe kutoka mjini Kisii, nimeifunga blanketi kama mgonjwa. Alichapa barua za kuomba kazi, mitihani ya shule na programu za mazishi. Ukimsomea, vidole vilikwenda vyenyewe huku macho yake yakiangalia nani anapita mlangoni.

Kwa hiyo mama yake alipougua na kusema anataka maisha yake yaandikwe, hakutafutwa mtu mwingine. Aliletwa kwetu kutoka Nyacheki, akakaa wiki tatu. Kila asubuhi aliketi kwenye kile chumba, shuka mabegani, akisimulia kwa Ekegusii, binti yake akichapa. Mimi sikuingia. Kwetu mtu na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Hawapeani mkono, hawaangaliani usoni, na mambo ya mwili hayatajwi mmoja akiwa anamsikia mwenzake. Tunaita chinsoni. Nikipita nje nilikohoa, naye alinyamaza mpaka nivuke.

Alirudi kwao, akafa kabla ya mavuno ya mahindi. Kurasa zake zilibaki ndani ya kompyuta. Mke wangu hakuwa amezichapisha kwenye karatasi. Alisema atazipitia kwanza, azirekebishe, zitoke zikiwa safi. Aliwaahidi dada zake kwamba siku ya ukumbusho watamsikia mama akiongea. Ilipobaki wiki moja, kompyuta iliwaka, ikaandika kwamba haioni mfumo wowote wa kuanza nao, ikakaa hapo.

Mimi nilikuwa fundi. Nilimaliza kidato cha nne, nikajifunza redio, kisha taipureta, kisha kompyuta, kwa kufungua na kufunga, kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja mjini Kisii aliyeuza vifaa vya umeme. Mhindi huyo alizaliwa hapo hapo na Ekegusii chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili changu. Nilipomweleza shida yangu, alitoa sidii iliyokuja na jarida kutoka ng'ambo.

"Hii ni Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta," alisema. "Haitaki kuingizwa kwenye diski. Inafanya kazi yenyewe kutoka kwa sidii."

"Kompyuta bila diski?"

"Fundi, wewe huwezi kukaa kwa shemeji yako wiki moja?"

"Naweza."

"Basi nayo inaweza. Ikiamka vizuri na hii, ujue mwili ni mzima, ugonjwa uko kwenye diski. Isipoamka, tafuta kwingine. Lakini sikia. Diski ikionekana usiite majirani. Nakili kwanza. Diski mgonjwa inaweza kuamka mara moja tu."

"Sasa unanifundisha kazi?"

"Kazi unaijua. Nakufundisha haraka, hiyo ndiyo huna."

Jumapili iliyofuata mke wangu alikwenda Nyacheki kupanga ukumbusho na dada zake. Nilijifungia chumbani mwake nikaanza. Kompyuta nyingi za wakati ule hazikujua kuamka kutoka kwa sidii. Zilihitaji disketi ya kuziamsha kwanza. Nilikuwa nimeitengeneza dukani. Niliiweka, ikavuma, ikatafuta sidii, ikasema haisomi. Nilifungua kisomeo cha sidii nikapangusa lenzi yake kwa pamba na spiriti. Ikasoma. Maandishi yakashuka kwenye skrini kama mvua, halafu skrini yote ikawa nyeusi. Nilifikiri imekufa, kumbe picha ndiyo iliyoshindwa na kioo kile cha zamani. Nikaanza upya na kuiambia ibaki kwenye maandishi matupu. Ikaenda mbele kidogo, ikaganda.

Hapo nilikaa chini. Ikiwa inaganda hata bila kugusa diski, basi kuna ugonjwa mwingine mwilini. Nilitoa kadi mbili za kumbukumbu, nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli, nikarudisha moja peke yake. Ikaganda. Nikatoa hiyo, nikaweka ya pili. Safari hii ilifika mwisho na kuningoja niandike. Sijui kama nimewahi kufurahi hivyo tena kwa kazi ya mikono yangu.

Niliiomba ifungue diski. Diski ikagonga, tik, tik, kama kucha kwenye bati, ikanyamaza, ikagonga tena. Halafu majina ya faili yakatokea. Zilikuwa kumi na nne, mke wangu alizipa namba tu. Mfukoni mwa shati nilikuwa na disketi tatu tupu.

Nilipaswa kuweka disketi na kunakili. Badala yake nilifungua faili moja, nikijiambia naangalia kama herufi ni nzima. Zilikuwa nzima. Mama mkwe wangu alikuwa akieleza siku aliyomzaa mke wangu. Uchungu ulimkuta asubuhi, mkunga hayupo, na mume wake akarudi kutoka kukamua ng'ombe akamkuta sakafuni. Alieleza alivyokaa, alivyoshikwa, alivyopasuka, kwa maneno ambayo mwanamke huambia binti yake tu. Kisha akasema: "Alimpokea yeye mwenyewe. Mikono yake ilikuwa inanukia maziwa, mtoto akaacha kulia akaanza kunyonya vidole vyake. Sikuwahi kumwogopa tena mwanamume yule."

Niligeuka kuangalia kiti alichokuwa akikalia. Masikio yalinichoma. Niliona kama nimefungua mlango nikamkuta anaoga. Nikanyoosha mkono, nikazima kompyuta.

Mawingu yalikuwa bado mbali, upande wa Manga. Nasema hivyo kwa sababu ya yaliyofuata.

Nilijiambia mke wangu atarudi kesho, nitaiwasha na kutoka nje, anakili mwenyewe maneno ya mama yake. Nimekuwa na miaka mingi ya kulipima wazo hilo. Kunakili si kusoma. Ningefunga ile faili, nikaandika amri moja, nikageuza kiti kikaangalia ukuta, na kazi ingekwisha kabla chai haijapoa. Chinsoni ilinitaka nisitazame. Kuzima ilikuwa akili yangu mwenyewe.

Jumatatu sidii iliamka vizuri, kila kitu kiliamka, ila diski iligonga tu na haikuonekana. Nilibadilisha waya. Niliipeleka Kisii nikaifunga kwenye kompyuta nyingine. Mhindi aliiweka sikioni.

"Ulinakili?"

"Radi ilikuja. Nilizima."

"Radi ya Jumapili?" Alinirudishia diski. "Jumapili tulianika magodoro mpaka jioni, fundi."

Kisii na Ekerenyo si mahali pamoja, ningeweza kubisha. Sikubisha.

Mke wangu hakubisha pia nilipomweleza hivyo hivyo. Kwetu radi imeua watu na ng'ombe, kila nyumba huzima redio wingu likinguruma, na alinisikiliza kama mtu anayesikia jambo la kawaida.

"Uliziona lakini?"

"Niliona namba tu."

"Hukufungua hata moja, Baba?"

"Sikuwahi."

Alikaa mbele ya kibodi, mikono mapajani. "Unajua nilikuwa nachapa tu," alisema. "Anasema, nachapa, nafikiria chakula cha mchana. Nilijua nitakuja kusoma. Habari nazikumbuka. Vile alisema, hapana."

Siku ya ukumbusho alisimama akazisimulia habari hizo kwa maneno yake mwenyewe. Dada zake walilia. Yeye alizungumza vizuri na hakulia, kama mtu anayesoma programu aliyochapa kwa ajili ya wengine.

Sasa naye ametangulia. Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, na kila siku ya miaka hiyo ilikuwa na nafasi ya kumwambia. Asubuhi namkumbuka zaidi, wakati wa kuchuma chai, kwa sababu tulichuma mistari miwili inayokabiliana na mara nyingi yeye ndiye aliyezungumza. Asubuhi moja alisimama, kiganja kimejaa majani.

"Kuna kitu mama alisema juu ya mikono ya baba," alisema. "Siku niliyozaliwa. Kilikuwa kizuri. Nilikichapa, nakumbuka nilisimama kidogo. Kimenitoka kabisa."

Maneno hayo nilikuwa nayo yote, neno kwa neno, kama ninavyoyaandika leo. Alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, hakuna mtu mwingine shambani. Kumwambia ingekuwa kukiri kwamba nilisoma, kwamba hakukuwa na radi, kwamba nilizima.

"Usikitafute," nilimwambia. "Ukiacha kukitafuta kitarudi chenyewe."

"Pengine," alisema, akatupa majani kikapuni, na mimi nikainama kwenye mstari wangu nikaendelea kuchuma.