Kabati Lililogoma Kukauka

Nolasco wa Bugene haandiki kitu kwenye chupa. Nenda kwenye kibanda chake cha kupaka rangi fanicha, kando ya barabara ya kwenda Kayanga, utakuta chupa za maji ya kunywa zimepangwa chini ya benchi, zote zinafanana, na kilichomo ndani ni cheupe kama maji. Moja ni thina ya kuzimulia rangi, nyingine petroli, nyingine mafuta ya taa ya kuoshea brashi. Fundi mwingine angebandika karatasi. Nolasco anafungua kizibo, ananusa, kazi inaendelea. "Lebo yangu iko hapa," husema huku akijigonga pua. Na pua yenyewe, tusimsingizie, Mungu hakumnyima.

Alitoka Kituntu kijana, akakimbia jembe la migombani, akajifunza kupaka mpaka mbao za paini zikatoka na sura ya mninga. Siri yake ilikuwa pua. Kwa pua alijua mbao ni mbichi, na kwa pua alijua praima, ile rangi ya kwanza, imekauka, bila hata kuigusa. Mkewe Joanitha, binti wa Muleba, yeye na thina ni paka na panya. Akiisikia tu harufu, kichwa kinamgonga. Kwa hiyo akimletea ujumbe anasimama kule barabarani na kuita, na Nolasco humtania, "Mama Vero, pua yako wewe ni ya ubani wa kanisani tu!"

Sasa Novemba hii ikaja zamu ya Vero, binti yao wa kwanza. Sendofu Jumamosi, kisha anakwenda kwa mumewe Nkwenda, Kyerwa. Nusu ya mabinti wa Bugene wameolewa wakiwa na makabati yaliyopakwa na Nolasco, na hili la Vero aliapa hataligusa mtu mwingine. Hebu fikiria mwenyewe: binti wa fundi aingie kwa wakwe na vyombo kwenye maboksi! Wakwe wataliongelea hilo mpaka wajukuu wazaliwe.

Akachanganya praima, akaitia rangi ya kahawia, akaizimua, akapaka. Kesho yake akashika msasa, akaweka dole gumba kwenye mlango wa kabati kupima tu. Dole likanata. Alama yake ikabaki pale, michirizi yote inaonekana, utadhani amekwenda kuchukua kitambulisho cha taifa.

"Mvua hii," akasema.

Kweli mvua ilikuwa inanyesha. Lakini kiti cha jirani alichokipaka mwezi uliopita, mvua hiyohiyo, kilikuwa kimekauka kabla ya chakula cha mchana. Akalisogeza kabati juani jua lilipotoka. Likanata. Akaanza kuilaumu mbao, akagonga ubao wa nyuma ambao haujapakwa, ukalia kavu kabisa. Basi ni rangi, nimeitia nyingi mno! Akafuta yote kwa tambara, akachanganya upya, rangi kidogo, na thina akaongeza maradufu kutoka kwenye chupa ileile ili ikauke haraka. Loo! Hiyo ndiyo iliharibu zaidi. Asubuhi nzi alikuwa amenasa kwenye droo, anapiga kelele.

Nolasco akakaa kwenye stuli akalitazama lile kabati, na hakuelewa kitu. Miaka yote hii, praima haijawahi kumgomea hivyo. Alihesabu kichwani alichofanya, akaona amefanya kila kitu sawasawa. Akaanza hata kuwafikiria majirani, nani alipita, nani alisifia kabati kwa jicho baya. Aliona aibu kuwaza hivyo, lakini akawaza.

Vero akaja na chai, akasimama karibu na kabati lake, akakunja uso. "Tata, mbona linanuka koroboi?"

"Koroboi! Wewe umekua na umeme, koroboi umeijulia wapi? Weka chai hapo."

Vero akaweka chai.

Alipoondoka, Nolasco akapata jibu, akashangaa alichelewaje: ni Mwesiga! Mwesiga ana duka la vifaa vya ujenzi Omurushaka, na thina yote hutoka kwake. Akapanda bodaboda, akaingia dukani bila hata salamu. "Mwesiga, umeniuzia maji. Kabati la mwanangu halikauki!"

Mwesiga hakubishana. Alichukua kopo jipya mbele ya macho yake, akalifungua juu ya kaunta. Mteja aliyekuwa ananunua misumari akarudi nyuma akikohoa, na Mwesiga mwenyewe macho yakamlowa. "Haya fundi, nusa."

Nolasco akaingiza pua yote kwenye kopo, akavuta. Akavuta tena.

"Humu hamna kitu," akasema. "Umeichakachua."

Mwesiga akamtazama kama mtu anayetazama ng'ombe juu ya paa. "Fundi, unaumwa?"

"Mwizi hakosi la kusema," Nolasco akajibu, akatoka. Lakini njia nzima nyuma ya bodaboda kitu kimoja kilimsumbua. Yule mteja wa misumari alikuwa anakohoa nini, kama mle koponi mlikuwa na maji?

Alifika nyumbani jua likizama, njaa inamuuma, hasira haijapoa. Akajitupa kwenye kochi. "Mama Vero, hivi leo moto haujawashwa humu ndani?"

Vero alikuwa kwenye mkeka anakunja nguo zake, akainua macho akamwangalia baba yake. Mlangoni alikuwa amesimama jirani yao Mama Deodatha na kibakuli mkononi, na yeye pia alikuwa anamwangalia. Joanitha akatokea jikoni amebeba kikaango, moshi unapanda.

"Baba Vero, ni senene. Za kwanza msimu huu, nimekukaangia na kitunguu. Mama Deodatha harufu imemfuata ng'ambo ya barabara, wewe uliyemo ndani unauliza moto?"

Nolasco akakipokea kikaango, akainamisha uso. Mvuke ukamchoma mashavu. Senene, jamani! Senene ambazo tangu utotoni harufu yake aliijua akiwa bado shambani, ikamwita nyumbani mbio. Akavuta pumzi mpaka kifua kikauma. Hakuna. Akaweka kikaango chini, akaenda jikoni, akachukua kitunguu akakipasua kwa mikono. Akanusa kahawa. Akanusa sabuni ya kufulia. Vyote vilikuwa kama vimechorwa tu. Akakumbuka yale mafua mabaya yaliyomlaza mwishoni mwa mwezi wa Kumi. Yalipoondoka alidhani yameondoka peke yake. Kumbe tangu hapo chupa alizinusa kwa mazoea tu.

"Joanitha," akaita. Tangu Vero azaliwe hajawahi kumwita jina. Mkewe akaja mbio. "Sisikii harufu. Ya kitu chochote."

"Mawe, mama yangu! Tangu lini? Baba Vero, mficha maradhi kifo humuumbua!"

"Ningefichaje nisichokijua?" Aliogopa. Fundi asiyejua kusoma chupa zake atakula nini? Na kabati la mtoto je?

Joanitha hakulala vizuri usiku ule, lakini asubuhi alijifunga khanga kiunoni, nyingine akajitanda puani, akavuka barabara na kuingia kibandani kwa mara ya kwanza katika ndoa yao. Akakaa kwenye stuli. Nolasco akafungua chupa ambayo wiki nzima aliitumia kuzimulia praima, akamsogezea.

Joanitha akashusha khanga. "Mafuta ya taa."

"Una hakika?"

"Vero alikwambia koroboi ukamfukuza. Lete nyingine."

Nyingine ikawa petroli. Ya tatu haikumfikia hata usoni, akageuka, akashika kichwa, machozi yakamtoka. "Hii! Ndiyo hii inayoniua siku zote!"

Nolasco alifurahi karibu amkumbatie. Joanitha akachana kamba ya mgomba, akaifunga kwenye shingo ya chupa ile, fundo nene ambalo hata kipofu angelipata. Kisha Nolasco akaloweka tambara kwa thina hiyo, akalifuta kabati mpaka mbao ikawa nyeupe, akachanganya upya. Chai ilikuwa haijapoa, praima ikawa imekauka kavu. Mchana akapiga sila ya kuziba vitundu vya mbao, jioni vanishi, na kabati likang'aa. Akampigia simu Mwesiga, akamweleza habari ya pua yake na kuomba radhi. Mwesiga akacheka sana, kisha akasema, "Pole sana, fundi. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Jumamosi wanaume wakalipandisha kabati kwenye gari. Vero, na nguo zake za sherehe, akawaambia wasubiri. Akafungua mlango wa kabati, akaingiza kichwa ndani, akakaa humo muda mrefu. Alipotoka alikuwa analia. "Tata, humu ndani kunanukia wewe. Nikikukumbuka kule nitakuwa nafungua."

Nolasco naye akaingiza kichwa, akavuta pumzi. Aliona mbao ya kahawia, imepakwa vizuri. Akaufunga mlango taratibu. "Usiuache wazi sana," akasema, "harufu itaisha."

Gari lilipoondoka akabaki kwenye benchi na mkewe. Watu walikuwa wanatandua maturubai.

"Mama Vero, hivi mimi nanukiaje?"

"Thina," Joanitha akajibu. "Tangu siku uliyokuja kwetu Muleba kujitambulisha. Marehemu mama aliniuliza kama unakunywa petroli."

"Ukanikubali na kichwa kinakuuma?"

"Kwani nimesema kimeacha kuuma?"

Joanitha akamsogelea mumewe, akakaa karibu yake.