Chini ya Daraja la Baba

Wiki iliyopita pale Fisksätra, huku Uswidi ninakoishi, nilimwona dada mmoja wa reli, kavaa nguo za rangi ya machungwa, amesimama chini ya daraja akitazama juu huku treni ikipita. Ghafla nikasikia harufu ya rangi mbichi na moshi wa makaa.

Baba alikuwa mhandisi wa kwanza Mwafrika katika reli ya wakoloni, na alasiri moja nilipokuwa mdogo daraja lake la kwanza lilikuwa linajaribiwa. Wazungu walikaa mbali, kwenye viti vya turubai. Baba alisimama peke yake chini ya vyuma, na garimoshi zito likaanza kuja polepole. Shuleni kwetu aliyekosa ndiye aliyesimamishwa peke yake, kwa hiyo nilijua baba anaadhibiwa. Nikamponyoka mama, nikateremka mbio mpaka kwake.

"Rudi kwa mama yako," alisema, lakini garimoshi lilikuwa limeshafika. Leo naelewa kwamba angetoka na mimi, wale wa kwenye viti wangesema hata mwenyewe haliamini daraja lake. Alinikumbatia. Vyuma vililia, vumbi likatuangukia, na moyo wake ukanigonga shavuni mpaka behewa la mwisho lilipopita.

Hakuwa anaadhibiwa. Alikuwa amejichagulia mwenyewe kusimama pale.

Jioni mama alimuuliza, "Baba Neema, ulikuwa na hakika?"

"Nilipokuwa peke yangu, ndiyo," alisema. "Mtoto alipofika, nilianza kupiga hesabu upya."