Msiba Uliotuchelewesha Langoni

Sehemu ya nne, ambayo ndiyo ya mwisho, inatoka mwezi ujao. Nimeona heri nieleze sasa tulivyofika hapa, maana mwisho ukishajulikana mtu huanza kukumbuka mambo kwa namna ya kuufuata.

Nazungumzia gemu. Ni hadithi ndefu inayochezwa kwenye runinga: unamwongoza mtu mmoja, anasafiri na wenzake, anaongea na wenyeji, anaamua mambo, na maamuzi yake yanabebwa kutoka sehemu moja hadi inayofuata. Ukimdhulumu mtu katika sehemu ya kwanza, atakukumbuka katika ya tatu. Hilo ndilo lililonivuta. Kazi yangu ni kutengeneza cherehani zilizoharibika, na huko pia kosa la jana hukusubiri kesho.

Mashine ya kuchezea niliachiwa na mwalimu wa sekondari, mtu wa Tanga, aliyekuwa jirani yetu hapa Songea. Alipohamishwa aliniambia, "Fundi, hii imekufa. Ukiifufua ni yako." Ilikuwa imejaa vumbi na feni imekwama. Niliifufua kwa brashi na tone moja la mafuta ya cherehani. Mwalimu anajuta mpaka leo.

Sehemu ya kwanza ilinichukua mwaka mzima, kwa sababu nilisoma kila kitu kwa kamusi, hata matangazo yaliyobandikwa kwenye kuta za miji ya humo. Nilichora ramani kwenye daftari. Mke wangu alikaa pembeni na ungo wa maharage. Hakuwahi kushika pedi ya kuchezea, lakini sikuwahi kucheza bila yeye.

Siku za mwanzo kabisa aliniona nikimwendea mzee mmoja na kumuuliza njia.

"Wewe! Huyo si rika la baba yako? Unamsimamia hivyo kama mgambo?"

Nilimweleza kwamba hakuna kitufe cha shikamoo. Kilichopo ni cha kuinama, nacho kimewekwa kwa ajili ya kujificha.

"Si hicho hicho? Inama."

Niliinama. Mzee alipiga kelele, askari wakaja, nikafungwa.

"Hawa hawakulelewa," mke wangu alisema, akaendelea kuchambua. Tangu hapo tumeinama mbele ya kila mzee katika sehemu zote tatu. Tumefungwa mara tano. Ninazo kwenye daftari.

Kati ya wenzangu wa safari alikuwamo bibi mmoja mganga, mwenye fimbo, aliyelalamikia magoti yake na kumkaripia kila mtu. Mke wangu alimpenda kwa sababu alifanana na shangazi yake wa Maposeni, aliyemlea. Bibi akisema, ungo ulisimama.

Karibu na mwisho wa sehemu ya tatu tulifika darajani, maadui nyuma yetu. Ilibidi mmoja abaki kuwazuia. Nilichukua daftari, nikalinganisha nguvu za kila mtu, nikamchagua bibi, maana dawa zake za kinga zilikuwa kali kuliko za wote. Daraja lilianguka naye. Wenzake waliinamisha vichwa kidogo, kisha mmoja akauliza kama kuna chakula.

Mke wangu aliweka ungo chini. "Umemwacha bibi."

"Nilipiga hesabu."

"Hesabu!"

Mbele yetu kulikuwa na lango. Ukishalipita, sehemu ya tatu imefungwa, na mambo yanabebwa yalivyo kwenda ya nne. Nilikuwa nimeshanyoosha kidole.

"Kwao wameambiwa?" aliuliza.

"Kwao nani?"

"Kwao marehemu."

Nilimweleza kwamba gemu halidai jambo hilo. Nilikosea kusema hivyo. Miaka ya nyuma shangazi yake alipofariki hospitalini Peramiho, mimi ndiye niliyekuwa naye, nami niliwapigia simu wazee wa Maposeni, nikawatajia saa na chanzo cha kifo. Niliona ni njia ya haraka na ya uhakika. Maposeni si mbali na Peramiho. Ningeweza kwenda mwenyewe, nikakaa chini, nikasema. Nilipofika msibani mzee mmoja alinipokea kwa maneno, "Karibu, Bwana Simu." Huko ukweni hilo ndilo jina langu mpaka leo.

"Ukipita lango hilo bila kupeleka taarifa," mke wangu alisema, "sehemu ya nne utaicheza peke yako."

Nilikiondoa kidole kwenye kitufe.

Kijiji cha bibi kilikuwa milimani, tulikokuwa mwanzoni mwa sehemu ya tatu. Kurudi huko kwa kuuzunguka mto, maana daraja halikuwapo tena, kulichukua Jumapili nne, baada ya misa. Mbwamwitu walitushambulia mara mbili. Mke wangu alikataa twende mikono mitupu, kwa hiyo nilinunua magunia mawili ya unga katika soko la humo, nayo yakatufanya tutembee kama konokono. Hilo lilimridhisha. "Watu wa msiba hawaingii mbio," alisema.

Tulikifikia kijiji. Niliwapanga wenzangu nyuma yangu, tukaenda polepole hadi kwenye nyumba yake. Niliinama mlangoni. Mke wangu alijifunga khanga vizuri.

Mlango ulifunguliwa na marehemu.

Alikuwa na mguu uliofungwa bandeji, na amekasirika. Alisema maneno mawili, nikayatafsiri: "Mmechelewa sana."

Maharage yalimwagika sebuleni kote. Mke wangu alisema, "Inama zaidi." Kisha, "Muulize kama amekula."

Mto ulikuwa umemchukua, wavuvi wakamwokoa, na alikuwa akitusubiri huko muda wote. Nilimpigia Mwalimu simu nikamweleza.

"Fundi, acha uongo wako. Nimelicheza gemu hilo mara tatu, na bibi amekufa mara tatu."

Nilimtumia picha ya runinga. Alinipigia tena.

"Nani alikwambia urudi kule?"

"Nilikuwa napeleka taarifa ya msiba."

"Wa nani?"

"Wake."

Alicheka mpaka akakohoa. "Na unga mmeurudisha?"

"Ameuchukua."

Tulipita lango tukiwa naye. Kwenye daftari nililikata neno "marehemu" kwa rula, nikaandika pembeni sababu. Kwa hiyo sehemu ya nne tutaicheza wawili, na mke wangu ameshatoa sharti lake: likitokea daraja lingine, atakayebaki ni mimi. Nimekubali. Kwa utaratibu wa gemu haiwezekani, kwa sababu nikifa mimi hadithi yote inaishia hapo. Hilo sijamwambia.