Rudia Hapo, Mwanangu

Juzi, kwenye duka la vitabu pale Mkuyuni, mwanamume mmoja alisoma kurasa nne za kitabu akiwa amesimama, kisha akakirudisha kwenye kaunta. Ni kitabu cha mama aliyesimulia maisha yake ya kitandani bila kuficha.

"Ya chumbani hayaandikwi," alisema.

Bibi aliyekuja kununua madaftari ya wajukuu akamwambia muuzaji, "Macho yangu yamechoka, mwanangu. Hebu nisomee kidogo."

Muuzaji akasoma kwa aibu: "Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, mume wangu aliniuliza kama nataka."

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Kumbe huwa wanauliza," bibi akasema taratibu, mkono shavuni.

Mimi, niliyekuwa pale dukani, nina miaka ishirini ya ndoa, na mpaka naandika safu hii bado najaribu kukumbuka kama niliwahi kumuuliza mke wangu.