Kopo la Themostati

Baba alikuwa ameshakubali kwamba gari lake limekufa. Mimi ndiye niliyekataa, na wala sikukataa kwa huruma. Nilikataa kwa sababu ugonjwa wake ulikuwa unakwenda kinyume.

Lilikuwa gari dogo kuukuu la Kijapani, otomatiki. Tangu kipupwe kianze lilikuwa haliingii gia ya mwisho. Ukitoka Kilosa asubuhi kwenda Mikumi, injini inanguruma kwenye tambarare kana kwamba unapanda mlima, na mafuta linayanywa utadhani limefunga siku tatu. Fundi wa mjini aliliendesha mtaa mmoja tu, akashuka, akafuta mikono. "Mzee, giaboksi imekwisha." Baba alikuwa fundi wa matrekta na malori kwenye shamba la mkonge kule Rudewa mpaka alipostaafu. Alichomoa kijiti cha kupimia haidroliki, yale mafuta ya giaboksi, akakinusa, akakubaliana na mwenzake. Akapatikana mtu wa Dumila anayenunua magari mabovu na kuyafumua kuwa spea. Angekuja Jumamosi.

Kila Jumapili baba huenda Mikumi kumwona dada yake, ndugu pekee aliyebaki. Magoti yake hayawezi tena ngazi za basi, na kwa umri wake anajua kabisa hatanunua gari lingine. "Basi nitakuwa mtu wa kupakiwa," aliniambia, huku akitazama nje dirishani. Iliniuma. Mama alijifanya hakusikia, akaendelea kuchambua mchele.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na nilikuwa likizo. Nina tabia mbaya ya kutoliacha jambo lisiloeleweka, tabia ambayo mama husema ndiyo inayowachosha watu nyumbani. Utotoni mwangu baba alinifundisha kwamba giaboksi iliyochoka huanza siku vizuri, ikishapata moto ndipo inapoleta visa. Gari letu lilikuwa likifanya visa asubuhi kwenye baridi, halafu mchana, ukilikwamisha nyuma ya lori kwenye mwinuko, linatulia na kuingiza gia kwa adabu. Ukifika tambarare ukakimbia kidogo, upepo ukilipiga, linaanza upya. Mgonjwa gani huyu anayepata nafuu akibebeshwa mzigo?

Nikachukua daftari. Kuanzia Jumatatu niliomba ufunguo kila siku, nikaenda na kurudi kwenye kipande kilekile cha barabara, nikiandika saa, mwendo, gia, na mahali mshale wa joto ulipolala. Baba aliniruhusu kama unavyomruhusu mtoto kuchezea redio iliyokwisha kuharibika. Siku ya tatu nikaona kwamba mshale ule ulikuwa haunyanyuki. Ulilala chini kabisa, na kila mara ulipojaribu kupanda kidogo, gia ya mwisho iliingia. Baba alikuwa akijisifu kwa mshale huohuo. "Gari langu halijui kuchemsha," alikuwa akiwaambia majirani.

Ndani ya gari kulikuwa na kitabu cha maelekezo, chote Kijapani, kwenye mfuko wa nailoni ambao hakuna aliyewahi kuufungua. Nikapiga picha kurasa za giaboksi, simu ikanitafsiria. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha, lakini jambo moja lilieleweka: injini ikiwa baridi, gari halitatoa gia ya mwisho. Halikuwa na ugonjwa wowote. Lilikuwa linasubiri kupata joto, na joto lilikuwa haliji.

Hapo nikajua joto limekwenda wapi. Mwezi wa tatu mpira wa maji ulipasuka tukiwa karibu na Dumila, gari likachemsha. Baba alibadilisha mpira, na kwa kuwa mikono ilikuwa imeshafika huko, akang'oa na themostati. Ni kifaa kidogo chenye springi, kinakaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi kinaziba ili ipate joto, ikishapata joto kinafunguka maji yaende kwenye rejeta. Mafundi wengi wa huku hukitoa bila kuulizwa. "Kitu cha nchi za baridi hicho," baba alisema siku ile, kama alivyosema kwa kila lori la mkonge. Malori yale hayakuwa na otomatiki, na yalitambaa juani kutwa nzima, hayakumlalamikia. Vifaa vyenyewe hakuvitupa. Vilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya kitanda chake.

Sasa nimwambieje? Kwetu mtoto hamwambii baba yake kwamba ameliua gari lake mwenyewe, tena kwa ufundi aliouishi. Ijumaa nikasubiri aende msikitini. Nikalitoa kopo, nikachukua themostati iliyokuwa juu kabisa, ya mwisho kuingia humo, pete yake ya mpira ikiwa bado nzima. Nikamwaga maji, nikafungua nati mbili kwa spana namba kumi, nikaipachika, nikafunga, nikajaza maji. Aliporudi nilikuwa nimeshanawa mikono, na mama alikuwa ameahidi kunyamaza.

Jumamosi mapema nikamwamkia. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Twende ukaliage gari."

Alishika usukani mwenyewe. Tulipouacha mji nyuma, mshale ukaanza kupanda, ukafika katikati, ukasimama. Baba akaruka kwenye kiti. "Linachemsha hili!" Akalitoa barabarani, akashuka haraka kuliko magoti yake yalivyoruhusu, akafungua boneti. Hakukuwa na mvuke. Alisikiliza. Akainama, kidole chake kikafuata mpira wa maji mpaka kwenye zile nati mbili. Zilikuwa safi, zimefutwa vumbi.

"Nani kafungua hapa?"

"Mimi, baba."

"Lini?"

"Jana. Ulipokuwa msikitini."

Akafunga boneti, akarudi kwenye usukani. Kilomita moja baadaye gia ya mwisho ikaingia, na ule mngurumo tulioishi nao tangu Juni ukakatika. Nilitegemea atatabasamu. Aliendesha hadi mwinuko wa kwanza, akageuza.

"Ulisubiri nitoke," alisema.

"Sikutaka uone aibu."

"Aibu ya nini? Maisha yangu yote nimefungua mashine kutafuta kosa. Leo limepatikana kosa zuri namna hii, tena langu mwenyewe, nawe unafungua mimi sipo?"

Niliona aibu mimi, aibu ya kweli, kwa kumdhania baba yangu kuwa mtu mdogo kuliko alivyo.

Tulipofika nyumbani akaomba kopo, uzi na sufuria. Mama akalalamika kwamba sufuria yake ya maharage haikuzaliwa kuchemshia vyuma, lakini akaitoa. Baba akafunga themostati moja kwenye uzi, akaining'iniza majini, tukakaa kwenye vigoda kuzunguka meko. Maji yakachemka, kifaa kikabaki kimefunga vilevile. Baba akacheka mpaka akakohoa. "Hii basi niliing'oa kwa haki!"

Tukaanza upya na nyingine, kwa maji ya baridi. Mvuke ulipoanza kupanda, ile sahani ndogo ya katikati ikatetemeka, halafu taratibu ikajinyanyua kwenye springi yake. Baba akaitoa nje, ikafunga. Akairudisha, ikafunguka. Akasema neno la Kisagara, lugha ya kwao, ambalo sikulipata vizuri. Alikuwa ameng'oa themostati maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kuona hata moja ikifanya kazi yake.

"Hodi!" Mtu wa Dumila alikuwa mlangoni, na mnyororo wa kuvutia gari begani.

"Nimwambie nini, baba?"

Hakuinua macho kutoka kwenye sufuria.

"Mwambie gari haliuzwi. Na mpe kigoda, aje aone kosa langu."